Mlango wa Nyuma: Jinsi Chama cha Wafanyakazi Kinavyoweza Kumsimamia Mwenzetu Mwenye Ulemavu

Hoteli niliyoifanyia kazi hapa Malindi ilikuwa na rampu nzuri mbele, ya saruji iliyosuguliwa, na vishikio vya chuma pande zote mbili. Mgeni mwenye kiti cha magurudumu alishushwa garini na kusukumwa mpaka mapokezi bila kukwama popote. Mlango wa wafanyakazi ulikuwa nyuma, karibu na jalala na mitungi ya gesi. Ulikuwa na vidato vitatu, cha kati kimemeguka, kisha kinjia cha mchanga mpaka udobini. Mwenzetu mmoja aliyetembelea magongo alivipanda vidato vile kila alfajiri kwa miaka. Hakuna aliyemuuliza lolote, na mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wa chama pale.

Mwongozo huu nimewaandikia wawakilishi wa wafanyakazi na viongozi wa matawi: wa mahoteli ya Malindi na Watamu, wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, wa shule na hospitali. Nilichojifunza kwa miaka ile ni kwamba msaada unaotegemea moyo mzuri wa meneja huondoka naye. Hapa kwetu hoteli hubadilisha wenyewe, mameneja huja na msimu na kuondoka na msimu, na ahadi iliyotolewa kwa mdomo mwezi wa Desemba haimkuti mtu ofisini mwezi wa Julai. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina lengo moja: kuigeuza hisani iwe haki iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Hatua ya kwanza: anzeni na chama chenyewe

Kabla ya kumnyooshea mwajiri kidole, tazameni mnapokutania. Kama ofisi ya tawi iko ghorofani na hakuna lifti, mwanachama mwenye kiti cha magurudumu mmeshamfungia mlango hata kabla hajalipa ada. Sisi tulihamisha mikutano ikawa chini ya mwarobaini, kwenye uwanja ulioshindiliwa. Haikutugharimu chochote.

Tangazo nalo lina mambo yake. Makatibu wengi hupiga picha ya barua na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp. Mwanachama asiyeona hutumia programu ya simu inayomsomea maandishi kwa sauti, na programu hiyo hukwama kwenye picha. Katibu mwingine hutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na mwanachama kiziwi hapati kitu. Andika maneno yenyewe kisha utume na sauti, ili kila mmoja apate njia yake.

Tengeni pia fedha kidogo katika bajeti ya tawi kwa ajili ya mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya na nauli ya tuktuk kwa wasioweza kupanda bodaboda. Mwanachama mwenye ulemavu hukatwa ada ileile wanayokatwa wenzake, basi mkutano nao uwe wake.

Hatua ya pili: wajueni, lakini msiwawinde

Usipite idarani na daftari ukiuliza, "Nani hapa ni mlemavu?" Kuna ulemavu usioonekana, kama kifafa, sikio moja lisilosikia, ugonjwa wa akili uliodhibitiwa kwa dawa, au uoni unaofifia jioni. Wengi huficha kwa sababu walishawahi kupoteza kazi walipojulikana. Tangaza mbele ya wanachama wote kwamba chama kina mtu mmoja aliyeteuliwa, mwenye kutunza siri, na kwamba yeyote anayetaka kuzungumza amwendee kwa wakati wake. Kisha ngoja. Kwetu wa kwanza alikuja baada ya wiki tatu, wa pili siku iliyofuata.

Atakayekueleza hali yake usiipeleke kwa meneja bila idhini yake, hata kama nia yako ni kumsaidia. Mwambie mapema nini kitaandikwa, nani atakiona, na kwamba anaweza kukataa.

Hatua ya tatu: tembea naye, na kipimo mkononi

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Marekebisho mabaya hutungwa na watu waliokaa ofisini wakikisia. Kutana na mwenzako pale anaposhukia gari, mfuatane mpaka getini, kwenye mashine ya kusaini, chumba cha kubadilishia nguo, choo, mahali pa kazi, mahali pa chakula, na njia ya kutokea moto ukizuka. Yeye ndiye aongee. Wewe andika na upime.

Chukua vile vidato vya nyuma. Kila kimoja kilikuwa na kimo cha sentimita 17, kwa hiyo vyote vitatu ni 51. Rampu inayopandika bila kusukumwa huhitaji urefu mara kumi na mbili ya kimo chake, yaani zaidi kidogo ya mita sita. Fundi asiyejua hesabu hiyo atakujengea rampu ya mita mbili, mwinuko kama paa la makuti, na mwenye kiti ataanguka kinyumenyume. Mchanga nao ni adui wa magurudumu na magongo. Palipo na kinjia cha mchanga, ombeni vibao vya saruji au mbao zilizopigiliwa pamoja. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi, na uvutike bila kupiganwa nao.

Angalieni pia yale yasiyo ya kujenga. Kengele ya moto inayolia tu haimsaidii kiziwi aliye peke yake udobini mashine zikivuma, kwa hiyo pawekwe taa inayomulika. Mtunza bustani mwenye ualbino asipangiwe kumwagilia saa sita mchana katika jua la Malindi. Zamu yake ianze alfajiri, apewe kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, na hayo yahesabiwe kuwa vifaa vya kazi kama vile mwenzake wa jikoni anavyopewa aproni. Mwenye kifafa asipangwe peke yake kwenye bwawa la kuogelea. Mapokezi, mwenye uoni hafifu anaweza kukuziwa maandishi kwenye kompyuta kwa kubonyeza tu, na hilo halina gharama.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Hakikisheni mmoja wa wawakilishi wenu katika kamati hiyo ni mtu mwenye ulemavu. Akiwemo ndani, mzunguko kama huu hufanywa kila ukaguzi bila kuombwa.

Hatua ya nne: ombi liandikwe

Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyohesabika. Mfano:

*"Kwa Meneja wa Wafanyakazi. Mwanachama wetu wa idara ya udobi anatumia magongo. Tunaomba: moja, rampu ya mita sita na vishikio mlango wa nyuma, mbili, kiti cha kukalia wakati wa kukunja mashuka, tatu, zamu yake ianze saa moja badala ya saa kumi na mbili, kwa kuwa magari anayoweza kupanda hayajaanza kutembea saa hiyo. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya barua hii ibaki na chama."*

Mwanachama aisome au asomewe kabla haijaondoka, na atie sahihi yake kando ya yako. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa uitunze vizuri, maana siku mambo yakiharibika, huo muhuri ndio utakaosema kwamba mwajiri alijua.

Mwajiri akilalamika kuhusu gharama, mwonyesheni kwanza yale ya bure, kama kiti na zamu. Rampu ifuate. Naomba msiogope kutaja sheria, lakini itajeni kwa upole. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali na kupata habari, na cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira mazuri ya kazi na ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya 2007 inakwenda mbele zaidi. Mfanyakazi akidai amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Mameneja wengi hawalijui hilo, na wakilijua mazungumzo hubadilika.

Hatua ya tano: ingizeni katika mkataba wa pamoja

Barua humlinda mtu mmoja. Mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA, humlinda na atakayekuja miaka kumi baadaye. Chama hupata haki ya kuujadili kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, na mkataba ukishasajiliwa na Mahakama ya Ajira, masharti yake huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Meneja mpya anaukuta, apende asipende.

Mikataba mingi niliyoiona ina sentensi moja tu, kwamba "mwajiri hatabagua". Sentensi hiyo haijengi rampu. Vipengele vyenye meno vina kitendo, muda na anayelipa. Haya ndiyo maneno tuliyoyapeleka mezani; yatumieni yakiwafaa:

*"Mwajiri atafanya, kwa gharama yake, marekebisho anayohitaji mfanyakazi mwenye ulemavu ili atekeleze kazi yake, ndani ya siku 30 tangu kupokea ombi la maandishi. Akikataa, ataeleza sababu kwa maandishi na chama kitapewa nakala."*

*"Mfanyakazi atakayepata ulemavu akiwa katika ajira hataachishwa kabla ya mwajiri, chama na mfanyakazi mwenyewe kukaa pamoja na kutafuta kazi nyingine anayoiweza, na mshahara wake hautapunguzwa."*

*"Siku za kupimwa, kurekebisha kiti cha magurudumu au kutengeneza mguu wa bandia hazitakatwa katika likizo ya mwaka."*

*"Mwajiri atagharimia mkalimani wa lugha ya ishara katika mafunzo, mahojiano na vikao vya nidhamu."*

Ongezeni kipengele cha nafasi za kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Hoteli yenye watu 120 maana yake ni sita. Ombeni orodha kila mwaka, na muangalie na vyeo. Nimeona mahali ambapo wote walikuwa vibarua wa kufagia, mwaka wa nne mfululizo. Hapo kumbukeni kwamba Sheria ya Ajira haimruhusu mwajiri kumweka mtu kibarua wa siku kwa siku bila kikomo. Akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, anastahili kuhesabiwa mwajiriwa wa mkataba na haki zake zote.

Hatua ya sita: kikao cha nidhamu

Kijana mmoja wa udobini, kiziwi, aliitwa ofisini kwa kosa la kutoroka kazini. Alikuja na mikono bado imelowa, inanuka klorini, akaifuta kwenye suruali kabla ya kukaa. Msimamizi alisoma mashtaka haraka huku ameinamia karatasi. Kijana alikuwa anatazama midomo, na midomo ilikuwa imeelekea mezani. Aliposukumiwa kalamu alitikisa kichwa kukubali, kama tunavyofanya sote tukizungumziwa na wakubwa tusiowaelewa, kisha akanitazama. Nilijua kwa macho yale kwamba hakupata hata neno moja.

Niliomba kikao kiahirishwe. Siku tatu baadaye tulirudi na mkalimani, na kwa mara ya kwanza kijana akaeleza kwa mikono yake. Zamu ilibadilishwa kwa tangazo la mdomo wakati wa chai. Yeye alikuja saa ya zamani, akakuta kadi yake imeondolewa kwenye kisanduku, akadhani ameshafukuzwa, akarudi nyumbani. Mashtaka yalifutwa, na tangu siku ile ratiba ya zamu iliandikwa kwenye ubao mweupe mlangoni mwa udobi.

Yashikeni haya. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe sababu *kwa lugha anayoielewa* kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, na kinampa haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale kikaoni. Kwa kiziwi, lugha hiyo ni ya ishara. Asiruhusiwe kutia sahihi chochote kabla ya mkalimani. Na mkalimani asiwe ndugu yake. Ndugu hufupisha, hujibu kwa niaba yake, na wakati mwingine humwonea haya.

Kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Akishaachishwa, hesabuni siku tangu saa ileile: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa uripotiwe kwa Wizara ya Kazi ndani ya siku 90 ili msuluhishi ateuliwe. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu katibu alisubiri mwajiri "atulize hasira".

Hatua ya saba: aliyeumia kazini

Wazee husema hujafa hujaumbika. Kwenye mabwawa ya chumvi mtu huingia asubuhi mzima, akatoka na mguu uliokatwa na ukingo wa chuma, au macho yaliyochomwa na mng'ao wa chumvi na upepo wake kwa miaka. Chama kinachojali ulemavu lazima kijali na unapozaliwa, basi gambuti, glavu na miwani ya kukinga jua viwe dai la kwanza kabisa.

Ajali ikitokea, mwakilishi afike siku hiyohiyo. Chukua majina ya walioona, piga picha ya mahali, hakikisha imeandikwa katika daftari la ajali. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya 2007, mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na dai la fidia lipelekwe ndani ya miezi 12. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa kwa kukadiria mapato ya miezi 96, na ulio pungufu ya hapo hulipwa kwa asilimia atakayoandika daktari. Usikubali mwenzako aliyelala kitandani apelekewe "pole" ya elfu ishirini na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo mara nyingi husema kwamba hana dai lingine.

Kisha mrudisheni kazini. Fidia huisha. Mtu aliyepoteza vidole viwili bado anaweza kupima magunia, kuandika hesabu za malori, kusimamia stoo. Kaeni na mwajiri mkiwa na orodha ya kazi zilizopo, si ombi la huruma.

Hatua ya nane: msimu ukifa

Aprili mpaka Juni, mvua zikinyesha na bahari ikichafuka, wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga kabisa. Hapo ndipo majina huchaguliwa gizani. Mwenye ulemavu huwa wa kwanza kupumzishwa na wa mwisho kuitwa, na akiuliza huambiwa, "Tulia kaka, tutakupigia simu."

Sheria inataka chama na afisa wa kazi waarifiwe angalau mwezi mmoja kabla ya wafanyakazi kupunguzwa, na uchaguzi uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kuaminika. Neno "uwezo" hutumiwa vibaya. Mwajiri akilitaja, mwombeni tathmini za kazi za miaka miwili iliyopita, za wote, siyo za mmoja. Nanyi andikeni orodha yenu ya walioondoka na tarehe zao. Hoteli ikifunguliwa, iwekeni kando ya orodha ya walioitwa.

Hatua ya tisa: karatasi zake

Msaidieni ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huanza kwa kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha maombi hujazwa mtandaoni. Mwenye usajili anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi ya mapato, ambapo shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi. Wapishi, wahasibu na walimu wengi hawalijui hili na wamekatwa miaka mingi. Cheti kina muda, kwa hiyo katibu aandike tarehe ya kwisha pembeni ya jina. Baraza pia hutoa mafuta ya kukinga ngozi kwa watu wenye ualbino.

Hatua ya kumi: awe mezani, si kwenye ajenda tu

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 27 kinataja waziwazi haki ya kushiriki katika chama cha wafanyakazi sawa na wengine. Kushiriki ni pamoja na kugombea. Uchaguzi wa tawi ukikaribia, nendeni mkamshawishi mwenzenu agombee, mmpe nafasi ya kuzungumza, na mkalimani awepo siku ya kura. Msimuundie "kamati ya walemavu" isiyo na bajeti kisha mkaendelea na mambo yenu. Awemo katika timu inayojadiliana mshahara. Yule wa magongo alipoingia kwenye timu yetu, dai la rampu halikuhitaji maelezo marefu. Alimwomba meneja waende wote nyuma, akapanda vidato mbele yake, taratibu, wote tukimsubiri juu.

Rampu ilijengwa. Lakini mwaka uliofuata niliikuta imefunikwa mchanga nusu, na makreti ya soda yamepangwa juu yake. Kwa hiyo mwezi wa saba, hoteli zinapofungua milango, zungukeni tena na kipimo chenu na nakala ya mkataba, mkianzia mlango wa nyuma.